Jua la Dirishani

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui sana na mvua imekuachia mihogo yako. Sisi huku Kanada tunaishi, na mume wangu Ramazani anakusalimu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami nataka usikie mpaka mwisho. Mama mkubwa hana kosa. Dada yako hakumtia mwanangu jicho la husuda. Aliyemharibia Saidi miguu ni mimi.

Nimeshtuka, Mama.

Unajua Saidi ametimiza mwaka na miezi minne hatembei, na miguu imeanza kupinda kama upinde. Unajua pia tulivyosema. Mama mkubwa alimwona kwenye simu akacheka, "Angalia miguu ya huyu mutoto, minene vile!" wala hakusema mashallah. Miguu ilipopinda, wewe ukasema lisemwalo lipo. Mimi, badala ya kukuzuia, nikaitikia. Mama mkubwa akatoka kwako, akapanda pikipiki kurudi kijijini kwake Wamaza bila mtu wa kumuaga, na hadi leo hamsalimiani.

Wiki iliyopita tulimpeleka Saidi hospitali. Munganga, mwanamke mpole, alipiga picha ya mifupa, akauliza kama mtoto anapata jua. Nikajibu kwa majivuno: kila asubuhi, tangu alipozaliwa! Nampaka mafuta, namlaza juani, kama mama alivyonifundisha. Akauliza, wapi? Nikasema, ndani, pale dirishani, maana nje ni theluji, na hata ikiyeyuka nilishazoea pale pale.

Kisha akatueleza polepole kwamba kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini ile nguvu ya jua inayotengeneza vitamini D inabaki nje. Hata huko nje, majira ya baridi jua lao ni la kutazama tu, na ngozi nyeusi kama yetu inahitaji jua jingi zaidi. Vitamini hiyo ikikosekana mifupa inakuwa laini, na mtoto akisimama inapinda. Maziwa yangu nayo hayakuwa nayo ya kutosha.

Ramazani alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chetu, "Jua iko jua! Mbona mi niliiona na macho yangu?"

Munganga akauliza kama tulipewa matone ya vitamini hiyo mtoto alipozaliwa. Mama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipewa. Kichupa kiko kabatini, hakijafunguliwa. Nilisema hayo ni ya watoto wa Wazungu, wasiooteshwa jua.

Hakunigombeza. Alisema kwa umri wa Saidi miguu inaweza kunyooka akipewa dawa kila siku, ila hakuahidi. Nami wakanipima damu, nimepungukiwa vilevile. Yale maumivu ya mifupa niliyokuwa nasema ni ya kazi ya usafi, kumbe! Sasa nyumba nzima tunameza dawa. Ramazani anameza akinung'unika kwamba amefikia kunywa jua kwa kijiko.

Usijilaumu, Mama. Ulichonifundisha ni kizuri, ila huko kwetu Kasongo hakuna kioo kati ya mtoto na jua. Mimi ndiye niliyebeba desturi nikaacha kuuliza. Tena nikamsingizia mtu aliyenibeba mgongoni. Hilo linaniuma kuliko yote, na nalia ninapoliandika.

Nakuomba uende Wamaza wewe mwenyewe, usitume mtu. Msomee barua hii mbele ya wale wale waliosikia tukimsema. Mwombe radhi kwa ajili yangu na yako.

Nisalimie baba mdogo mwenye duka, na shemeji yangu mwalimu. Dada yangu wa Kabambare akijifungua, aendelee kumwotesha mtoto jua la nje, asiwe na wasiwasi.

Saidi jana alishika kiti akasimama, akaketi tena. Siku atakayotembea, Mama, unisamehe, simu ya kwanza haitakuwa yako. Nitampigia Mama mkubwa, nimwonyeshe miguu, naye aisifie apendavyo.

Ni mimi binti yako, mama Saidi.