Aliyeambiwa Aruke

Zagazig, 2 Februari 1974

Kwa mama mkwe wangu mpendwa, Bi Tafida,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi tuliohamishwa kutoka Ismailia bado tunaishi madarasani hapa Zagazig, familia tatu kila darasa, mablanketi ndiyo kuta zetu. Afya ninayo, alhamdulillahi.

Mama, jana alinijia ofisa wa jeshi. Sobhi wetu ametunukiwa Nyota ya Sinai, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote nchini. Alinisomea maelezo. Siku ya tatu ya vita vya Oktoba, boti iliyobeba risasi na mabomu ilishika moto ubavuni mwa daraja la kuvukia Mfereji wa Suez, na daraja limejaa askari. Sajini Sobhi akaifunga kwenye mashua yake, akaivuta mbali mpaka ikalipuka. Wanasema maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Maisha yangu ni sadaka kwa Misri."

Sherehe iko Kairo mwezi huu huu. Wanamtaka mama na mke. Njoo twende pamoja, peke yangu sitaweza.

Mkweo akupendaye,
Wagida


Karibu na Girga, 11 Februari 1974

Binti yangu Wagida,

Waaleikum salaam. Kikohozi kipo, mimi nipo. Anayeniandikia ni Ustadh Fikri, mwalimu wa hapa kijijini. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie.

Siendi Kairo. Nani ameuona mwili? Mtoto wa Abu Sitta alisomewa khitma hapa, watu wakala nyama, wiki iliyofuata akateremka kwenye treni anauliza mbona mama yake kavaa nyeusi. Sobhi ameogelea Nili tangu hajang'oka meno ya utoto. Mfereji ule uliochimbwa na watu ndio ummeze?

Na hayo maneno ya sadaka, hayo si ya mwanangu. Yule hakuongea hivyo hata siku aliyokuja kukuposa. Ana mdomo mchafu kama dereva wa lori la miwa. Wamemchanganya na mwingine. Mimi nikiipokea nyota yao, nimewaruhusu wamzike.

Wewe nenda kama una haraka. Eda inaisha, na wanaume hawakosekani Zagazig. Ustadh Fikri alikataa kuliandika hilo. Nikamwambia basi nitamtafuta mwingine, ndipo akaandika.

Mama wa Sobhi


Zagazig, 9 Machi 1974

Mama,

Salaam. Afya yangu si mbaya. Nilinyamaza kwa sababu jibu lililonijia halikuwa la kumwandikia mzazi.

Nilikwenda. Walipoita jina lake nilibaki kitini, mwanamke nisiyemjua akanisukuma mgongoni. Nilipopewa ile nyota ofisa mmoja akaninong'oneza, "Tabasamu kidogo, mke wa shujaa, wanapiga picha." Nikamwambia, "Tabasamu wewe."

Nilikaa karibu na askari mwenye mikono iliyofungwa bandeji. Anaitwa Koplo Nashid, naye kapewa Nyota ya Sinai. Alikuwa kwenye mashua moja na Sobhi. Nilimwomba anieleze, akatikisa kichwa. Mwisho akaniambia tu, "Nielekeze kwa mama yake." Nikamwelekeza.

Akija, mpokee au mfukuze, shauri lako. Ila usinitajie tena wanaume. Shati la mwanao ndilo ninalolalia, sijathubutu hata kulifua.

Wagida


Zagazig, 1 Aprili 1974

Mama,

Salaam. Umekaa kimya mno, na mimi hasira zimeniishia. Je, Nashid alifika? U mzima? Mwambie Ustadh Fikri aandike hata mstari mmoja.

Mkweo, Wagida


Karibu na Girga, 6 Aprili 1974

Wagida, mwanangu,

Salaam nyingi. Nipo. Kikohozi kimepona, moyo ndio mgonjwa.

Nashid alifika nikitoa mikate tanurini. Nikamwambia, "Kula kwanza." Vidole vyake haviwezi kushika kitu, vimegandana, basi nikammegea mkate, nikachovya kwenye mchuzi wa mlukhiya, nikamlisha mwenyewe. Aliposhiba nikamuuliza, "Mwanangu alisema nini? Na ukinitajia Misri nakutoa kwa ufagio."

Akainamisha kichwa. "Siwezi kulitamka mbele yako, Mama."

"Tamka."

"Mimi ndiye niliyefunga kamba kwenye ile boti, tayari inawaka. Nilitaka nibaki naye. Akaniambia, 'Ruka, punda mwana wa punda! Unangoja nikubebe?' Akanipiga teke la matako. Nikaanguka majini. Nilipoibuka nilimwona bado ameshika usukani, ameshafika mbali. Kisha ikalipuka, Mama. Nilimwona kwa macho yangu. Hakuruka."

Wagida, nilicheka. Nilicheka mpaka majirani wakaja mbio. Hakuna ofisa wa kutunga lile. Ndilo tusi la marehemu baba yake, nimelisikia katika nyumba hii miaka yote, akiwatukania ng'ombe, akiwatukania watoto. Nilimsikia Sobhi masikioni kabisa. Halafu sijui kicheko kilikwenda wapi. Wanasema ilibidi wanishike watu wanne.

Tumekaa matanga siku tatu. Nashid alisimama mlangoni na wanaume wa ukoo kupokea pole. Alitoa nyota yake mfukoni, hata haivai, akataka kuniachia. Nikamrudishia, nikamwambia vidole vile vimeilipia. Stesheni akanibusu mkono akasema, "Nisamehe, Mama. Mimi niliruka."

Nikamwambia, "Uliamriwa na mkubwa wako. Ungebaki angekupiga teke la pili."

Akaangua kilio mbele ya abiria wote, mtu mzima yule. Nilimshika mpaka treni ilipoanza kutembea.

Lile neno la eda, mwanangu, nililisema kwa kuwa wewe ulikuwa umeshaamini na mimi siwezi. Nilitaka mtu wa kuumia zaidi yangu. Nisamehe.

Sijakunja mikeka. Wanawake wanakuja kila siku, Mungu awalipe, lakini wanalia wakisema shujaa, shujaa. Sina wa kumlilia Sobhi pamoja naye. Njoo.

Mama yako,
Tafida