Mabeseni Niliyoyaweka Juani

Jumatano. Hapa Bangwe kuna mawingu, ziwa limetulia, na mimi nimetulia kupita kiasi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kazi yangu ni kutunza samaki wa mapambo kabla hawajasafirishwa nje. Wiki iliyopita baadhi yao walitoka vinundu vyeupe. Daktari wa mifugo akasema ni virusi, akatuachia dawa ya buluu ya kusafishia maji. Akanieleza kwamba dawa hiyo ikipigwa na mwanga huiamsha oksijeni iliyomo majini, nayo oksijeni hushambulia protini ambazo kirusi hujishikiza nazo kwenye chembe hai. Protini zikiharibika, kirusi kipo lakini hakiwezi kuingia popote. Tutumie taa ndogo, alisema, na samaki wasiwemo.

Niliyapenda maelezo hayo kuliko nilivyoyasikiliza.

Jumamosi nilikuwa zamu peke yangu. Nikajiuliza, taa ya nini na jua lote hili? Nikatia dawa, nikayaweka mabeseni matatu uani juani, samaki wakiwa ndani. Adhuhuri walikuwa wanatweta juu ya maji. Alasiri hakubaki hata mmoja. Dawa haikujali protini ni ya nani.

Nikamwaga maji na kuosha mabeseni.

Bosi alipouliza, nilisema sijui. Akajijibu mwenyewe: Hamisi, mzamiaji wetu anayewakamata samaki ziwani, aliwapandisha haraka mno kutoka kilindini, wakaumia ndani kwa ndani. Hutokea kweli. Hamisi akaambiwa asirudi kazini.

Leo nimekwenda kwake Katonga. Ni mkubwa kwangu, na sikio lake la kushoto halisikii tena kwa sababu ya kazi ya kuzamia. Nilijiandaa kwa hasira zake. Yeye akanikaribisha chai.

"Mdogo wangu," akasema, "nimefikiria sana. Nadhani kweli niliwaharakisha, baridi ilinishika siku ile. Niombee msamaha kwa bosi."

Nikajibu, "Sawa, kaka."

Na chai nikaimaliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kimemuumbua asiye na maradhi, na mwenye nayo yuko hapa anaandika blogu ambayo bosi wake haisomi. Naona aibu.

Kesho saa mbili asubuhi nitamwambia bosi ni mimi. Akinifukuza, haki yake. Lakini Hamisi ameshaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe. Nitaanzaje kumwambia kwamba nilikaa mbele yake nikamsikiliza akijilaumu, na nilikuwa najua?