Fundo la Uzi Mwekundu

Jumatatu, 9 Machi

Simba mwenye macho matatu! Hiyo ndiyo nembo niliyotoa leo. Mashine ya kutarizi ilisimama katikati ya kichwa — sindano juu, kimya — na nilipoianzisha upya ikashona tena jicho lililokwisha shonwa, pembeni kidogo. Sweta ya tatu kuharibika tangu Ijumaa. Shule inasubiri mia mbili.

Bosi kamwita fundi wake wa kompyuta. Sisi humwita Profesa, naye hudhani tunamsifu. Kaja na mkoba mkubwa kuliko akili. Kaigonga kompyuta mgongoni kama anachagua tikiti maji. "Virusi," kasema. Nikauliza, virusi vinasimamisha vipi sindano? "Dada yangu, haya mambo marefu." Marefu! Kirefu pale ni waya tu, ule unaotoka kompyuta kwenda mashine.

Kipusa wangu alikuwa chini ya meza, anautafuna. Ana miezi kumi na moja na meno manne. Nikamtoa, akarudi, nikamtoa. Akalia. Alie — hapana ni hapana. Ila Bosi kashamwona. Uso ukamng'aa: kesi imepata mshtakiwa.

Jumanne, 10 Machi

Bosi kaniita pembeni, na ule upole wake wa mafuta yaliyoganda. Yeye hana neno na mtoto, lakini mashine ikiendelea kusimama mpaka Ijumaa, Jumatatu nije peke yangu. Peke yangu! Nimwache na nani? Dada kaanza kazi ya zamu, baba Kipusa yuko safarini na lori mpaka mwisho wa mwezi. Kuja bila mtoto maana yake siji. Na anajua.

Nimembeba Kipusa mgongoni kutwa. Kiuno kinawaka moto. Na saa nne na robo mashine imesimama vilevile! Bosi alikuwa nje anaongea na simu. Nikamfuata, nikamwambia mshtakiwa kalala mgongoni kwangu. Akasema labda aliuvuta jana, madhara ndiyo yanatokea leo. Mtu mzima, ana ndevu.

Jumatano, 11 Machi

Nimesoma kitabu cha mashine. Kimekaa kwenye droo tangu inunuliwe, kurasa bado zimegandana. Profesa hajawahi kukigusa, naapa.

Mambo marefu yenyewe ni kurasa mbili. Kifaa kikichomekwa kwenye tundu la USB, kompyuta hukiuliza: wewe nani, kazi yako nini, unahitaji umeme kiasi gani? Kipanya kinajibu lake, kibodi lake, mashine lake. Ndiyo maana tundu ni la namna moja kwa wote. Kisha maelezo ya nembo hupita kwenye waya mojamoja, kwa foleni, hakuna kumpita mwenzako. Laiti wateja wetu wangekuwa hivyo!

Na hili: mashine hupokea mishono kidogo kidogo na kujiwekea akiba. Waya ukichomoka, haisimami papo hapo. Inakula akiba kwanza, na hata waya ukirudishwa, foleni imeshakatika mpaka uianzishe upya. Dakika nne hivi.

Dakika nne! Sisi sindano ikisimama tunatazama nani yuko karibu. Mwenye kosa keshaenda zake.

Kompyuta yetu ina matundu matatu mazima tu — kibodi, kipanya, mashine. Sasa nani mwingine analihitaji tundu?

Alhamisi, 12 Machi

Kipusa ana homa ya jino la tano. Usijali mama, huendi popote.

Nimeufunga waya kwenye kishikio cha kompyuta kwa uzi mwekundu, kwa lile fundo alilonifundisha mama. Halifunguki ila kwa mkasi. Leo mashine haikusimama hata mara moja. Profesa kasema dawa yake ya virusi imefanya kazi.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika kazini, daftari gotini. Sijali.

Nilikwenda nyuma kumnyonyesha Kipusa. Narudi — uzi mwekundu uko sakafuni, umekatwa kwa mkasi. Waya wa mashine unaning'inia. Na kwenye tundu lake simu ya Bosi, inachaji!

Eti kichwa cha chaji kakisahau kwa shemeji yake tangu wiki iliyopita. Eti ni dakika tano tu, na waya huwa anaurudisha. Huwa anaurudisha! Kila siku!

Profesa, aliyekuja kupokea shukrani, kasema haiwezi kuwa simu, mbona mashine bado inashona? Bosi kashangilia. "Umesikia, Mama Kipusa? Inashona! Ni mtoto tu huyo."

"Mtoto alikata fundo kwa mkasi gani, Bosi?"

Profesa kanong'ona, labda kwa meno. Manne!

Nimewaambia wakae. Asiguse mtu kitu. Saa ile pale ukutani.

Dakika ya kwanza. Wanacheka.

Dakika ya pili. Simba kapata masikio. Kipusa kalaza kichwa begani kwangu, bado ana moto.

Dakika ya tatu. Profesa kakichukua kitabu. Hacheki tena.

Simu inaita. Bosi haipokei. Anatazama sindano.

Jicho la kwanza limeisha. Sindano imepanda — haishuki.