Sauti Iliyolia Kama Ya Ouma

Mama mpendwa,

Wiki iliyopita nilikuhitaji kuliko siku yoyote tangu tukuzike kule Magunga.

Nilikuwa dukani kwangu Awendo, nashona sare za shule, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ujumbe wenyewe ulidai unatoka ofisi ya upelelezi: mdogo wangu Ouma amekamatwa Isebania, kule mpakani, lori lake limekutwa na magendo. Nipige namba ile mara moja, nisimwambie mtu, la sivyo nami nitashtakiwa.

Ouma hubeba miwa tu, Mama. Lakini alikuwa amesema anatafuta mzigo wa mpakani. Nikampigia. Simu imezimwa. Basi nikapiga ile namba.

"Mimi ni Inspekta," mwanamume akasema, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Nyuma yake redio ya polisi ilikwaruza. "Tunaweza kumwachilia sasa hivi. Tuma pesa. Ukikata simu, anaenda kortini."

Kisha nikasikia mtu akilia: "Sista, nisaidie! Wataniua!"

Ilikuwa sauti ya Ouma. Au niliisikia hivyo kwa kuwa nilishaambiwa ni yeye.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Baba alipokamatwa, ng'ombe wetu walipovuka ua wa mbuga ya Ruma, wanaume wa boma walikaa wakinong'ona nani aende akabembeleze nani. Wewe ulifunga ugali na dagaa wa omena kwenye leso, ukanishika mkono, tukatembea hadi kituoni. "Nimeleta chakula cha mume wangu," ukamwambia askari. "Nionyeshe alipo." Akakuonyesha.

Nikamwuliza yule mtu, "Afande, yuko kituo gani? Namletea chakula."

Akafoka, "Wewe mama, unacheza na serikali?"

"Niambie tu kituo. Nakuja saa hii."

Akanitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Nikakata simu. Nilijua kwamba kama nimekosea, basi nimemtupa mwanao.

Nilikimbia hadi kituo cha polisi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Afande wa zamu, mwanamke wa umri wangu, akasoma ujumbe. "Hao ni matapeli, dada. Dhamana hailipwi kwa namba ya mtu. Usitume kitu, usiwape PIN yako, na hiyo message usifute." Akapiga Isebania mwenyewe. Hakukuwa na Ouma yeyote huko. Akaandika taarifa yangu.

Nikaenda kumtafuta Ouma, nikamkuta kwenye kiwanda cha sukari, katika foleni ya malori ya miwa, amelalia usukani, simu imeisha chaji. "Sista, kwani kuna nini?" Nilimpiga ngumi ya kifua kabla ya kumkumbatia.

Tulidhani yameisha. Mara jirani yetu wa Magunga akanipigia: Baba anamtoa ng'ombe wako wa maziwa akamwuze, kwa sababu Ouma amefungwa. Wale watu walikuwa wamempigia yeye pia. Nawe unajua, tangu siku ile ya mbuga, Baba akisikia neno polisi nguvu humwisha.

Ouma akaninyang'anya simu. "Mpe Baba," akamwambia jirani. "Baba, ni mimi. Niko huru, niko na sista hapa."

Baba akajibu, "Hata yule alilia kwa sauti yako." Akakata.

Ikabidi twende. Njia nzima nilikuwa namwomba jirani amcheleweshe. Tulipofika, Baba alikuwa langoni na kamba mkononi, mnunuzi kando yake. Hakumsalimu Ouma. Alimshika uso, akampapasa masikio, shingo, mabega. "Ni wewe," akasema. Halafu akaketi pale pale kwenye vumbi, akalia. Mama, hata siku ya mazishi yako sikumwona akilia.

Ng'ombe yupo, na hawakupata hata shilingi. Lakini hasira yangu haijatulia, maana Baba haamini simu tena. Ikiita, huitazama mpaka inyamaze. Tumekubaliana naye kwamba akiletewa habari yoyote ya mtu kukamatwa, kwanza anamwita jirani, kisha wanapiga kituoni. Hata hivyo Ouma humpigia kila jioni, nayo huita bure.

Jana Baba alipokea. Ouma akamsimulia habari za miwa, za mvua, za lori lililokwama matopeni, na Baba akasikiliza mpaka mwisho.

Lala salama, Mama. Baba tunaye.

Binti yako wa kwanza,
Akinyi