Baba kauza pikapu

Rhonda, Baba kauza pikapu. Kauza PIKAPU!

Nimefika shambani na sufuria ya maharage, nakuta gari jekundu la spoti, halina paa, vumbi la Texas limejaa mpaka kwenye viti. Nikadhani ana mgeni. Kumbe lake!

Shoga, nimempigia kelele. "Baba, una miaka sabini na moja! Nyasi za ng'ombe utabebea wapi, mapajani? Pikapu ilikuwa inavuta trela kwenye matope. Hiki kidude kitakwama kwenye mkojo wa mbuzi!"

Katulia tu, kofia mkononi.

"Marlene, tangu tumzike mama yako, kila nikiendesha pikapu mkono wangu unaenda wenyewe kumshika goti. Nashika kiti. Kila siku nashika kiti."

Nikaitua sufuria juu ya boneti.

"Hili hajawahi kulipanda," akasema. "Humu nafika mjini bila kulia."

KUFIKA MJINI BILA KULIA, Rhonda. Baba yangu! Yule ambaye hata makaburini hakutoa chozi!

Sasa nipo zizini. Ng'ombe wanalia njaa na nyasi hazina wa kuzibeba. Na siwezi, shoga, siwezi kumwambia alirudishe.