Mawenzi Kwenye Picha ya Baba

Mpanda

Mama yangu mpendwa,

Siku ile simu ilipokatika, salio halikuisha kama nilivyokuandikia kwenye ujumbe baadaye. Ulipouliza tena, "Mbona hunipigii hata picha nikaona mmeutundika wapi ubao aliouchora baba yako?" nilikata simu mwenyewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye karatasi naweza kulia na bado nikamaliza sentensi.

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje na baridi hiyo ya Masama? Kahawa imeanza kuiva, au mnaitazama tu ikiwa bado kijani? Sisi huku tu wazima. Joto ni kali, ndizi za kupika mtori ni za kutafuta kwa tochi, na nimenenepa hata gauni la send-off halipandi tena mabegani. Jirani ananiambia, "Bi harusi, ndoa imekukubali." Nacheka, kwa sababu ni kweli.

Mama, nina furaha ambayo sikujua kama watu wa kawaida hupewa. Tukitembea barabarani Aloyce huhamia upande wa jua ili kivuli chake kiniangukie mimi. Hajawahi kusema kama anafanya hivyo makusudi, nami sijamuuliza, naogopa ataacha. Asubuhi akienda kazini na mfuko wake wa nyaya na koleo, hugeuka pale kwenye kona kunitazama, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango. Nakuandikia haya kwanza ili ujue ni mtu gani nimeolewa naye, kabla sijakueleza alichofanya.

Ubao wa Baba tuliutundika sebuleni siku ileile tuliyofika, kabla hata ya kufunga kitanda. Unajua mwenyewe ulivyo kwangu. Nilipougua malaria utotoni, ukanilaza kwenye kochi, nilikuwa naitazama ile theluji ya kilele cha Kibo mpaka naona nimepoa. Nilipokwenda bweni niliuchora kwa kalamu ya risasi ndani ya kifuniko cha sanduku, na wenzangu wakaniita "mwenye mlima." Wewe ulinitilia kitambaa chako ulichodarizi tausi, yule mwenye miguu ya kuku kwa kuwa hukuwahi kumwona tausi, nami nilikilalia miaka yote ya sekondari. Baba alipotutoka nikiwa kidato cha pili, niliporudi nyumbani sikwenda kwanza kaburini. Nilikwenda kusimama mbele ya ubao. Alama za brashi zilikuwa bado ni za mkono wake.

Na ule moshi. Ulinisimulia kwamba Baba aliichora picha mwezi ule ulipokuja nyumbani kama bi harusi, kwenye ubao wa sanduku la majani ya chai, kwa rangi zilizobaki walipopaka milango ya kanisa. Alichora Kibo, migomba, paa, halafu akachora moshi mwembamba unaopanda kutoka jikoni kwako. Ulikuwa ukisema, "Huo moshi ni wangu," nami nilivyokuwa mdogo nikadhani unamiliki ule mji wenye jina hilo kule chini.

Sasa nisikilize mama, na ukae kwanza.

Tangu tufike, Aloyce alikuwa akiutazama ubao na kutikisa kichwa. Siku moja akauliza, "Mawenzi iko wapi?"

"Kwetu haionekani," nikamwambia. "Ukisimama uani kwetu, mgongo wa kilima na miti vimeificha."

"Nyie wa Masama bwana! Mlima mzima mmeufanya wenu, na nusu yake hamjaiona. Kwetu Mkuu, upande wa pili wa mlima, Mawenzi ndiyo inayokuamkia mlangoni. Kibo inachungulia tu kwa nyuma, kama shemeji asiyealikwa."

"Si ndiye huyo Mawenzi wa kwenye hadithi, aliyekuwa kila siku anakwenda kwa Kibo kuomba moto? Mpaka akapigwa mchi, akabaki na mabonde kichwani?"

"Alikwenda kuomba moto ili apate nafasi ya kusalimia," akasema. "Mchumba hawezi kuja bila sababu."

Tulicheka sana. Nikadhani imeishia kwenye kicheko.

Jumamosi moja nikaenda mazoezi ya kwaya. Niliporudi, nyumba ilikuwa inanuka rangi, na ubao umefunikwa kanga. Alikuwa amesimama kando yake na shati la Jumapili, mama, amenyoa ndevu. Akaniambia nifumbe macho. Alipofunua kanga alisema, "Sasa kwenu na kwetu ni nyumba moja."

Alikuwa ameichora Mawenzi. Upande wa kulia, kubwa, imekaa mbele, na meno yake yote, kama wanavyoiona wao kutoka Mkuu. Kwa rangi ya kijivu iliyobaki tulipopaka geti. Na chini yake, pale ulipokuwa moshi, hapakuwa na moshi.

Nilisema, "Asante." Sijui lilitoka wapi neno hilo. Kisha nikaingia jikoni nikashika fremu ya mlango. Akanifuata akitabasamu bado, akidhani nalia kwa furaha, maana huwa nalia kwa furaha, unanijua.

"Umefuta moshi wa mama," nikamwambia.

"Moshi gani?"

"Ule mwembamba."

"Ndeshi, mimi nilidhani ni rangi iliyochuruzika."

Nikamweleza. Jikoni, bi harusi, yote. Mama, sijawahi kuona uso wa mtu ukiondoka hivyo huku mwenyewe amesimama palepale. Alisema polepole, "Nilidhani Baba aliisahau. Kwetu mlima bila Mawenzi ni kama mtu wa jicho moja. Nikasema nimmalizie." Kisha akachukua tambara, akalichovya kwenye petroli, akapiga magoti mbele ya ubao. Nikamshika mkono. Petroli haijui rangi ya mkwe na rangi ya mkwewe, ingekula zote. Nikamwambia asiguse chochote. Picha ni ya marehemu, na mwenye sauti juu yake ni mmoja tu, naye yuko Masama.

Hakula jioni ile. Tangu siku hiyo hupita sebuleni akitazama sakafu. Mimi nimemsamehe, nilimsamehe nikiwa bado nimeshika ule mlango, lakini msamaha wangu haumtoshi, na nadhani ana haki.

Kuna fundi mmoja hapa, mchora mabango, amekuja kuutazama. Anasema rangi ya juu bado ni changa na anaweza kujaribu kuikwangua kwa wembe, polepole, ila hawezi kuahidi kwamba moshi utabaki. Huenda ukatoka pamoja na Mawenzi. Tukiiacha, moshi upo pale chini, mzima, ila hakuna jicho litakalouona tena. Ndilo ninalokuuliza, mama. Tukwangue au tuache? Sitaki unijibu kwa simu. Nataka uuone kwanza.

Na nikwambie ukweli mwingine unaonitia aibu. Asubuhi nyingine nikiamka kabla yake, huvitazama vile vilele viwili vimesimama pamoja, nami navipenda. Halafu namkumbuka Baba, nageuza uso.

Nilimwambia Aloyce achume jani la isale akija kwako, kama wazee wetu wanavyofanya mtu akitaka kuomba radhi. Amekataa. Alisema, "Ukimpelekea mtu lile jani, amefungwa, lazima asamehe. Mama akinikasirikia akae na hasira yake mpaka imwishe mwenyewe. Sitaki kumlazimisha kwa jani." Nilimwangalia, nikazidi kumpenda.

Nisalimie Bibi, mwambie kitenge chake nimekishona na kimenikaa vizuri. Msalimie mdogo wangu Elinami, mrithi wa nyumba, mwambie kichwa cha familia hakikai kijiweni mpaka usiku. Shangazi naye, aliyenisuka siku ya harusi, mwambie nywele zimekua.

Aloyce ameshapewa ruhusa kazini. Tutaubeba ubao ndani ya basi, tumeufunga kwa blanketi, nitaupakata mwenyewe njia nzima. Usichinje kitu na usiwaite majirani. Ukitaka kumkaripia mkaripie, ila umpe kwanza kiti, maana atakuwa ametoka mbali na atakuwa anaogopa. Kabla mwezi huu haujaisha, mama, utatuona getini.

Mwanao akupendaye,
Ndeshi