Dirisha Katika Jiko la Mama

Nyansiongo,
Jumapili, 14 Agosti 1994

Mama,

Leo nitakueleza yote, hata yale ninayoyaonea haya. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichojifunza kusoma kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima, ukifuata mstari kwa kidole na kunikataza nisikusaidie.

Tumefunga shule. Ng'ombe amezaa ndama jike. Hakuna aliyeniuliza nimejifunza nini muhula huu. Wewe ulikuwa ukiuliza kabla sijaweka sanduku chini. Basi nitakuambia wewe.

Mwalimu wa Bayolojia alitufundisha juu ya bomba la hewa, lile linaloshuka kutoka kooni hadi mapafuni. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo vinavyosukuma uchafu juu, na nyingine zinazotoa ute. Chini yao kuna seli ambazo bado hazijapewa kazi. Zinangoja. Seli jirani huzitumia ujumbe, nyingine kwa kuzigusa tu: wewe ota vinyweleo, wewe tengeneza ute. Moshi wa kila siku huvuruga ujumbe huo, na nyingi mno huambiwa zitengeneze ute.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukikohoa asubuhi nyuma ya jiko, ukiniambia, "Nenda shule, hiki ni kifua tu."

Baada ya kipindi nilimfuata Mwalimu, nikamuuliza kama seli zako zile za chini zilikuwa zimekwisha. Alisema huenda zilikuwepo bado. Hufuata habari zinazozipata, na moshi ukipungua habari nazo hubadilika, ingawa si kila kilichoharibika hurudi. Alisema wataalamu wenyewe bado wanatafuta. Zilikuwepo, Mama. Nilikwenda kulia bwenini, peke yangu.

Sasa Kemunto anakohoa asubuhi. Ana miaka sita tu. Tangu ututoke, Magokoro ndiye anayepika jikoni mwako, na mdogo wangu Kemunto hakai mbali na bibi yake huyo wala na moto. Nilimwomba Magokoro tutoboe dirisha moshi utoke. Alicheka. Alisema moshi ndio unaokausha mahindi darini na kulinda nyasi za paa. "Wewe umetumwa na mwalimu au na mchwa?"

Nilimweleza habari za seli kwa Ekegusii, nikakosa maneno, nikaonyesha kwa vidole. Hakucheka tena. Alitazama ukuta ulioukandika mwenyewe, alama za viganja vyako bado zinaonekana, akasema ukuta wa marehemu hautobolewi na mtoto. "Mwenye jiko akikubali, jembe nitalileta mimi."

Ninajua alitaka kunimaliza maneno. Lakini neno hilo alilisema, na Magokoro harudi nyuma akishasema.

Nitatoboa upande wa zizi, mbali na viganja vyako. Ninaahidi kwamba mahindi nitayaanika juani mwenyewe, na Kemunto nitamfundisha kusoma kama ulivyotaka. Lala salama, Mama. Sitakuamsha kwa jambo dogo.

Usije kwangu ndotoni, maana mimi nitaota tu ninachotaka. Mwendee Magokoro, yeye huamini ndoto zake. Shule zinafunguliwa karibuni na sitaki kumwacha Kemunto katika moshi ule. Je, utamwambia kwamba umekubali?

Mwanao,
Kwamboka